Kahawa ya kuchuja nyumbani Nairobi: usisubiri maji yapoe

Nilipoanza kuchuja kahawa kwa karatasi nilifuata maelekezo ya watu wa Ulaya neno kwa neno: chemsha maji, yaache dakika mbili yapoe, ndipo umimine. Miezi mitatu nikanywa kahawa nyepesi, chachu kama ndimu, huku nikimlaumu aliyeniuzia. Kahawa yenyewe ilikuwa nzuri, ya Nyeri. Kosa lilikuwa kwenye birika langu.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo maji yetu hutokota yakifika nyuzi 94 hivi, si 100 kama ya Mombasa. Kahawa ya kuchuja hupenda maji ya kati ya nyuzi 90 na 96. Kwa hiyo birika likitokota, mimina papo hapo. Ukiyasubiri yapoe, utamu unabaki ndani ya unga na wewe unakunywa uchachu mtupu.

Hatua ya 1: Nunua punje, si unga. Tafuta pakiti iliyoandikwa tarehe ya kukaangwa, isiwe imepita mwezi. Watu wengi huuliza AA kwanza, lakini daraja hilo linapima ukubwa wa punje, halipimi ladha. AB ya Kirinyaga iliyokaangwa wiki jana naipenda kuliko AA iliyozeeka dukani. Chagua rangi ya kahawia. Punje nyeusi zinazong'aa mafuta zimekwisha kupoteza kile tunachosifiwa nacho duniani, ule uchachu mtamu wa SL28, mbegu iliyochaguliwa miaka ya 1930 katika maabara ya Scott, hapo Kabete. Uchachu wa tunda lililoiva ndio tunaoutaka.

Hatua ya 2: Maji. Maji mengi ya bomba jijini hutoka bwawa la Ndakaini na yanafaa sana. Kama ploti yenu inatumia kisima na birika linashika ukoko mweupe, nunua maji ya mtungi kwa ajili ya kahawa. Chumvi huua ladha.

Hatua ya 3: Pima, saga. Gramu 15 za kahawa kwa gramu 250 za maji, kikombe kimoja kikubwa. Tumia mizani ya jikoni, maana kijiko hudanganya. Saga wakati huohuo unapopika, chembe ziwe kama sukari ya mezani.

Hatua ya 4: Karatasi. Kunja ule mshono, itandaze kwenye koni ya kuchujia, uisuuze kwa maji ya moto ili harufu ya karatasi iishe na koni ipate joto. Maji hayo yamwage. Koni ya plastiki ya bei nafuu inatosha, tena haiibi joto kama ya udongo. Ujanja huu tumeupata kwa mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, ambaye mwaka 1908 alichoka na mashapo kikombeni, akachukua karatasi ya kufyonzea wino kutoka daftari la mwanawe na kuchujia kahawa.

Hatua ya 5: Mimina. Hapa usiharakishe. Weka unga, usawazishe, anza saa. Mimina gramu 40 za maji taratibu, kuanzia katikati ukizunguka kwenda nje, mpaka unga wote ulowe. Kisha acha mkono, utazame. Kahawa iliyokaangwa karibuni inavimba kama andazi kwenye mafuta, inapasuka viputo vidogovidogo, na harufu inajaa jikoni. Hiyo ni hewa iliyofungika ndani ya punje inatoka, na isipotoka kwanza, maji hayaingii vizuri. Unga ukilala tu kama tope, ujue umeuziwa kahawa ya zamani.

Baada ya sekunde 40 rudisha birika kwenye moto litokote tena, kisha mimina mpaka gramu 150. Maji yakishuka nusu, malizia mpaka 250. Tone la mwisho lidondoke kati ya dakika tatu na tatu na nusu.

Hatua ya 6: Onja kabla ya sukari. Ikiwa chachu na nyepesi, kesho saga laini zaidi. Ikiwa chungu na inakausha ulimi, saga nene zaidi. Badilisha kitu kimoja kwa siku, usije ukapotea.

Tangu nielewe habari ya mwinuko, naziangalia mila za wenzetu kwa jicho jingine. Addis Ababa iko juu kutushinda, kama mita 2,300, na maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Ndani ya jebena, birika lao la udongo, kahawa inachemshwa waziwazi, inaachwa itulie, inamiminwa, na unga uleule unaongezewa maji kwa duru ya pili na ya tatu: abol, tona, baraka. Istanbul, penye bahari, wao huipika kahawa yao polepole na kuiepua povu linapopanda, kabla haijachemka sana.

Na kahawa chungu ya pwani, ile ya dele (birika la kahawa) juu ya makaa inayonywewa kwa vikombe vidogo na kashata? Ipike hata Nairobi: lita moja ya maji, gramu 60 za kahawa iliyokaangwa sana, iliki sita zilizopondwa, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba. Ila tangulia na viungo peke yake. Nyumbani kwa shangazi yangu Mombasa dakika kumi zinatosha. Mimi hapa naviacha vichemke dakika kumi na tano ndipo nitie kahawa, kwa sababu maji yetu hayafikii moto wa kwao.