Kufunga Feni Nyuma ya Friji ya Motahomu: Njia ya Hewa Kwanza, Umeme Baadaye

Mtu aliyeegesha motahomu yake, yaani gari lenye sehemu ya kuishi na kulala, karibu na Sevilla, kusini mwa Hispania, adhuhuri ya mwezi Julai, ubavu wenye friji ukiwa umelielekea jua, huijua hali hii: maziwa yamechacha, siagi imekuwa mafuta, na friji imewekwa kwenye namba ya mwisho tangu jana. Wengi hudhani friji imekufa. Mara nyingi haina hitilafu yoyote, ila imeshindwa kutupa joto lake nje, na feni mbili ndogo zilizofungwa mahali panapofaa zinaweza kuirudishia uhai wake kwa gharama isiyofika hata sehemu ndogo ya bei ya friji mpya.

Maelezo haya yanahusu friji zinazotumia gesi, umeme wa volti 12 na umeme wa volti 230, kama zile za Dometic na Thetford zilizoenea katika motahomu za Ulaya. Hayahusu friji za kompresa, yaani zile zinazoendeshwa na mota, ambazo mara nyingi huja na feni yake. Friji hizi za gesi hazina mota wala kitu chochote kinachozunguka ndani yake. Mfumo wake ulibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, na kampuni ya Electrolux ikaanza kuzitengeneza kwa ajili ya soko mwaka 1925. Msomaji aliyewahi kuona friji ya mafuta ya taa ikitunza chanjo katika zahanati ya kijijini, utambi ukiwaka chini yake, ameshauona mfumo huu huu.

Ni vyema kuuelewa kabla ya kushika bisibisi. Ndani ya mabomba yaliyozibwa kuna maji, amonia na haidrojeni. Moto wa gesi au hita ya umeme huichemsha amonia itengane na maji. Mvuke wake hupanda hadi kwenye mapezi yaliyo juu nyuma ya friji, yaani kondensa, na hapo sharti upoe na kuwa kimiminika kabla haujashuka kwenda kufyonza joto la ndani ya friji. Kisha amonia hunywewa tena na maji katika mabomba ya chini yaliyopindapinda, na tendo hilo nalo hutoa joto. Kwa hiyo mgongo mzima wa friji unahitaji hewa inayopita, inayoingia kwa dirisha la hewa la chini na kutoka kwa lile la juu. Siku ya baridi hewa ya moto hupanda yenyewe na kazi inakwenda. Siku ya joto kali, kama hakuna upepo, hewa hiyo hujikalia palepale.

Tazama kibandiko kilicho ndani ya friji, ambapo kwa kawaida huandikwa daraja la hali ya hewa. Herufi N au SN zina maana kwamba friji imekusudiwa mazingira yasiyozidi nyuzi joto 32. ST ni hadi 38, na T ni hadi 43. Friji ya daraja la SN inayopelekwa Andalusia, jimbo lenye Sevilla, wakati wa kiangazi inadaiwa kazi ambayo haikuahidi, na feni ni msaada kwake wala si muujiza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linapuuzwa kuliko yote. Kabla ya kununua feni, ondoa vifuniko vya madirisha yote mawili ya hewa, chukua tochi, na uchunguze hewa inapita wapi. Kati ya kondensa na ukuta wa nje wa gari hapapaswi kuwa na nafasi kubwa; vitabu vingi vya ufungaji hutaka isizidi takriban sentimita mbili na nusu. Pakiwa na uwazi wa sentimita nane au kumi, hewa, ambayo kama maji hufuata njia nyepesi, itapita hapo kwenye uwazi na kuyaacha mapezi yakitokota. Vivyo hivyo, kama juu ya friji pana shimo lisilozibwa, joto litajikusanya huko na kuanza kuupasha moto upande wa juu wa friji yenyewe. Nimeona motahomu ambazo waundaji wake waliacha nafasi hizo bila kuziba hata kidogo. Dawa yake ni bati jembamba la alumini lililokunjwa na kufungwa kwenye ukuta wa nje chini ya dirisha la juu, likiisukuma hewa kuelekea kwenye mapezi, na bati jingine lililolala kwa mshazari kutoka ukingo wa juu wa friji hadi ukingo wa juu wa dirisha. Wapo ambao baada ya kazi hii tu hawakuhitaji feni tena.

Kama bado unazihitaji, chagua feni mbili za kompyuta za volti 12 zenye upana wa milimita 120. Feni kubwa inayozunguka polepole huhamisha hewa nyingi kwa kelele kidogo, na hilo utalithamini saa nane za usiku, kwa sababu mara nyingi friji huwa hatua mbili tu kutoka kitandani. Dai zenye beringi za gololi, kwani aina ya bei rahisi huchakaa haraka inapolazwa chali mahali penye joto. Hakikisha pia kwamba zinastahimili unyevu, maana mvua huingia kwa dirisha la hewa, na kwamba zinavumilia volti 14.4, kwa kuwa betri ya sehemu ya kuishi hufikia hapo inapochajiwa.

Kabla ya kugusa chochote, zima friji, funga mtungi wa gesi, chomoa waya unaoleta umeme wa volti 230 kutoka kwenye uwanja wa kambi, ondoa fyuzi ya friji, kisha subiri saa moja au zaidi hadi mabomba yapoe. Usitoboe wala kukaza skrubu yoyote kwenye mabomba ya friji: yana shinikizo kubwa, amonia huunguza macho na mapafu, haidrojeni hulipuka, na maji yaliyomo huwa yamechanganywa na kromati, ambayo ni sumu. Ukikuta doa la manjano kwenye mabomba au harufu kali inayochoma pua, acha kazi hiyo. Mfumo umevuja na feni haitausaidia. Usiguse kichomeo cha gesi wala kifuniko chake, na usiizibe dohani inayotoa moshi wake.

Pa kufunga feni pana mabishano. Wengi huzibandika kwenye kifuniko cha dirisha la juu zivute hewa kwenda nje. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu feni isiyoujaza upana wote wa dirisha huivuta tena hewa ya nje kupitia matundu ya pembeni yake na kuitoa hapo hapo, ikizunguka bure bila kuyagusa mapezi. Ukiamua kuyaziba matundu yaliyobaki, utaizuia hewa feni zikiwa zimezimwa, na katika friji nyingi utakuwa umeiziba pia njia ya moshi. Napendelea zikae chini kidogo ya mapezi ya kondensa, zikipuliza kwenda juu. Kata vipande viwili vya alumini bapa virefu kuliko upana wa feni mbili zikiwa zimepangwa pamoja, zifunge feni kwenye vipande hivyo kwa skrubu na vipande vidogo vya mpira vya kuzuia mtikisiko, kisha ushikilie ncha za alumini kwenye kuta za pembeni za sanduku la friji, ambazo aghalabu ni mbao. Feni zisiiguse dohani wala zisiwe karibu nayo. Acha nafasi ya kutosha upande huo hata kama italazimu ufunge feni moja tu. Ubavuni mwa feni nyingi kuna mshale unaoonyesha hewa inaelekea wapi. Usipouona, washa feni kwenye betri na uweke kipande cha karatasi laini upande mmoja.

Upande wa umeme ni mwepesi, ila unahitaji unadhifu. Chukua umeme kutoka kwenye betri ya sehemu ya kuishi, au kutoka kwenye waya mwembamba unaolisha saketi ya kuongozea friji, ambao huwa na umeme wakati wote. Usiuchukue kwenye waya mnene wa hita ya volti 12, kwa kuwa huo kwa kawaida huwa na umeme pale tu injini inaponguruma, na feni unazitaka zaidi gari likiwa limeegeshwa na friji ikitumia gesi. Karibu kabisa na chanzo weka fyuzi ya ampea 1 au 2, kisha swichi unayoweza kuifikia ukiwa ndani, kisha themostati, kisha feni zote mbili sambamba, na mwisho urudi hasi. Waya wa milimita mraba 0.75 unatosha. Uvike ala inayostahimili joto na uufunge mbali na dohani. Kila tundu utakalotoboa kuelekea sehemu ya kuishi lizibwe kabisa kwa silikoni, ili moshi wa gesi usiingie ndani watu wakiwa wamelala, na kengele ya monoksidi ya kaboni iwepo kwa vyovyote.

Themostati ninayoisema ni kile kidude kidogo cha duara chenye miguu miwili, kinachobanwa kwenye pezi mojawapo la kondensa. Kitafute kinachounganisha umeme joto linapofika kati ya nyuzi 40 na 45. Sisitiza neno hilo, kuunganisha, kwa sababu vipo vya nyuzi zile zile vinavyokata. Mimi nilinunua kinachokata. Kwa siku mbili feni zangu zilivuma usiku kucha wakati wa ubaridi na kunyamaza ilipogonga saa saba mchana, nami nikawa natafuta kosa kwenye nyaya nilizozifunga sawasawa.

Feni yenye ukubwa huu hula kati ya ampea 0.15 na 0.3. Feni mbili za ampea 0.2 zikizunguka saa 12 zitatumia takriban ampea-saa 5, kiasi ambacho paneli ndogo ya sola hukirudisha bila shida.

Ili ujue kama kazi imezaa matunda, usipime hewa ya ndani ya friji, kwani hubadilika kila mlango unapofunguliwa. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati na usome asubuhi na alasiri, siku moja swichi ikiwa imezimwa na siku nyingine inayofanana nayo ikiwa imewashwa. Lengo ni nyuzi 5 au chini yake. Gari liwe limesimama sawa, kwa sababu likiinama zaidi ya nyuzi 3 hivi kimiminika hakitelemki vizuri, na utailaumu feni kwa kosa la uwanja.

Majira ya baridi yakifika, zima feni kwa swichi, na ukiweka vifuniko vya kuzuia baridi kwenye madirisha ya hewa, andika mahali utakapoona kwamba lazima viondolewe kabla ya safari ya kiangazi. Wakati huo huo fagia vumbi kwenye mapezi na kwenye mabawa ya feni, na utazame utando wa buibui karibu na kichomeo.