Alama ya katambuga ina uzito gani? Kupima kielelezo kwa takwimu, hatua kwa hatua

Mashine ya mtumbwi imeibwa usiku mwaloni Igombe, mahali mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa. Asubuhi, kwenye ubao wa nyuma ilikokuwa imefungwa, wenyewe wanakuta alama ya tope lililokauka: soli ya katambuga, viatu vya tairi la gari, na mistari ya tairi inasomeka vizuri. Siku mbili baadaye anakamatwa kijana, na katambuga alizovaa zina mistari ileile. Mchunguzi anaandika: "Zimelingana." Mahakamani neno hilo moja linaweza kumpeleka mtu gerezani, na bado halijatuambia lolote kuhusu uzito wake.

Tukio hili nimelitunga kwa mafunzo, na hesabu zake pia. Njia yenyewe ndiyo ninayoitumia ninapokaa na wachambuzi wa vielelezo na mawakili hapa Mwanza. Unahitaji daftari, simu yenye kamera, kikokotoo na subira ya kukaa mwaloni.

Hatua ya 1: Andika madai mawili kabla ya kugusa kikokotoo

Dai la mashtaka: alama iliachwa na katambuga za mtuhumiwa. Dai la utetezi: iliachwa na katambuga za mtu mwingine aliyeweza kufika mwaloni usiku ule.

Yaandike yote mawili, kwa maneno kamili. Kielelezo hakina uzito chenyewe. Kina uzito kati ya madai mawili. Na lile neno "mtu mwingine" usilipite haraka, maana ndilo litakaloamua ukahesabu wapi katika hatua ya 3. Mtu mwingine yupi? Mkazi yeyote wa Mwanza? Mvuvi? Jamaa wa kambi ileile?

Hatua ya 2: Pima upande wa mashtaka

Uliza: kama kweli ni katambuga zake, kuna uwezekano gani wa kuona alama kama hii? Wengi huandika 1 bila kufikiri. Tope huteleza, mtu hukanyaga kwa kisigino tu, ubao una nyufa. Kwa hiyo jaribu. Chukua katambuga zile (kwa utaratibu wa vielelezo, si kwa kuziazima kituoni), kanyagisha mara 20 kwenye tope la ufukwe uleule juu ya ubao wa aina ileile, kisha mpe mwenzako asiyejua lolote kuhusu kesi azisome alama. Tuseme mara 18 mistari inatambulika. Uwezekano wako ni 18 kwa 20, yaani 0.9.

Hatua ya 3: Nenda ukahesabu soli

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ripoti nyingi huanguka. Uliza sasa: kama si yeye, kuna uwezekano gani wa kukuta mistari hii kwenye mguu wa mtu mwingine?

Usiende kuhesabu Barabara ya Kenyatta. Pale watu wamevaa viatu vya ofisini na raba; utapata katambuga chache mno, alama itaonekana adimu, na utakuwa umemwonea mtuhumiwa kwa hesabu iliyo safi kabisa. Nenda kwenye mialo. Nenda alfajiri mitumbwi inaporudi, si Jumapili saa nne watu wakitoka kanisani. Nenda siku za giza, usiku usio na mwezi, na urudi tena siku za mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwenye giza na mwezi ukiwaka wengi hupumzika au kwenda makwao; watu unaowakuta mwaloni si walewale. Kama wizi ulitokea kwenye giza, hesabu ya giza ndiyo yenye maana zaidi. Pita pia mwalo wa jirani, Kayenze kwa mfano, kwani wavuvi huhama.

Ongea kwanza na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, waeleze unachofanya. Piga picha ya soli tu, usipige uso, usiandike jina.

Halafu kaa na fundi wa katambuga. Mimi naona nusu saa kwa fundi ina faida kuliko siku nzima ya vitabu. Tairi moja la lori hutoa jozi nyingi, zote zenye mistari ileile, na jozi hizo huuzwa palepale kwa watu wanaofahamiana. Kwa hiyo mistari iliyo adimu mkoani inaweza kuwa ya kawaida katika kambi moja. Kumbuka jambo hili. Litarudi tukifika kwenye vinasaba.

Tuseme umehesabu soli za watu 200 na 6 kati yao wana mistari ile. Hiyo ni 0.03. Lakini 200 si watu wote, basi weka mipaka: kwa kanuni ya Wilson, kiwango cha kujiamini cha asilimia 95, jibu liko kati ya asilimia 1.4 na 6.4. Na kama hukukuta hata mmoja? Usiandike sifuri kamwe. Gawanya 3 kwa idadi uliyohesabu: 3 kwa 200 ni asilimia 1.5, na hapo ndipo ukomo wa juu ulipo. Kutokuona hakumaanishi hakuna.

Hatua ya 4: Gawanya

0.9 kwa 0.03 ni 30. Huu ndio uwiano wa uwezekano. Unasomeka hivi: alama hii ina uwezekano mara 30 zaidi kuonekana kama ni katambuga za mtuhumiwa kuliko kama ni za mtu mwingine. Ukitumia mipaka ya hatua ya 3, uwiano unaanzia 14 na kufika 65. Toa namba zote tatu. Mwongozo wa ENFSI, mtandao wa maabara za uchunguzi wa jinai za Ulaya, wa mwaka 2015, unauita uwiano wa kati ya 10 na 100 uungaji mkono wa wastani. Wastani, si zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: Usiigeuze sentensi

Nimeisoma sentensi hii kwenye ripoti iliyosainiwa: "Kwa kuwa ni asilimia 3 tu ya watu wenye alama hii, kuna uwezekano wa asilimia 97 kuwa mtuhumiwa ndiye." Ilinikosesha usingizi, kwa sababu inasomeka vizuri na ni ya uongo.

Nionyeshe mvuvi wa dagaa, nitakubali upesi kwamba nguo zake zina magamba ya dagaa. Lakini nionyeshe nguo yenye magamba pale Mwaloni Kirumba: ni ya mvuvi? Huenda ni ya mama anayeanika, ya mchuuzi, ya mpagazi. Swali la kwanza na la pili si swali moja.

Hesabu inaonyesha wazi. Tuseme watu 400 wangeweza kufika mwaloni usiku ule, na hatuna ushahidi mwingine wowote. Kabla ya alama, mtuhumiwa ni 1 dhidi ya 399. Zidisha kwa 30: sasa ni 30 dhidi ya 399. Hiyo ni kama asilimia 7. Kwa njia nyingine: kati ya wale 399, karibu 12 nao wana mistari hiyo, na kijana wetu anakuwa wa 13 katika kundi hilo. Kutoka asilimia 97 hadi 7, kwa kielelezo kilekile.

Ile namba ya 400 usiiweke kwenye ripoti yako. Nani angeweza kufika, nani alionekana, nani alikuwa na ugomvi na mwenye mtumbwi: hayo ni ya mahakama kupima. Wewe toa uwiano.

Hatua ya 6: Kuwa mwangalifu na kuzidisha

Ukiwa na vielelezo viwili visivyotegemeana, unaruhusiwa kuzidisha uwiano wao. Shida ni neno "visivyotegemeana". Katika kesi ya unyang'anyi ya Collins huko California, mwendesha mashtaka alichukua sifa za washtakiwa: ndevu 1 kwa 10, masharubu 1 kwa 4, gari la njano 1 kwa 10 na sifa nyingine, akazidisha zote hadi 1 kwa 12,000,000. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilitengua hukumu. Namba zenyewe hazikuwa na chanzo, na mwenye ndevu mara nyingi ana masharubu pia.

Uingereza, mwaka 1999, Sally Clark alihukumiwa kwa kuua watoto wake wawili wachanga baada ya shahidi mtaalamu kuchukua 1 kwa 8,543, uwezekano aliodai wa mtoto mchanga mmoja kufa ghafla bila kuuawa, akaizidisha kwa yenyewe na kupata 1 kwa milioni 73. Ndugu wa tumbo moja wana damu moja na nyumba moja. Huwezi kuzidisha vifo vyao kana kwamba ni vya watoto wasiojuana. Chama cha watakwimu cha nchi hiyo kilipinga hadharani mwaka 2001. Mama huyo aliachiwa 2003, akafariki 2007.

Huku kwetu mtego ni uleule. Katambuga, magamba ya dagaa, harufu ya mafuta ya taa ya karabai: hivi si vitu vitatu, ni mvuvi mmoja wa dagaa. Vipime kwa pamoja. Katika wale 200 uliowahesabu, wangapi wana vyote vitatu?

Hatua ya 7: Kwenye vinasaba, uliza kuhusu ndugu

Ripoti ya vinasaba ikija na namba kubwa watu hunyamaza. Msinyamaze. Chukua eneo moja la kinasaba lenye aina mbili, moja inapatikana kwa 0.1 na nyingine kwa 0.05. Kwa mtu yeyote wa mbali, uwezekano wa kulingana ni 2 × 0.1 × 0.05, yaani 0.01, uwiano ni 100. Lakini kwenye jamii iliyooana kwa vizazi vingi, kama ya kisiwani, hurekebishwa kwa kipimo kiitwacho theta. Ukiweka theta ya 0.03, uwezekano unapanda hadi karibu 0.018 na uwiano unashuka hadi kama 55. Na kama utetezi unasema ni kaka yake wa baba na mama mmoja? Jumlisha 1, 0.1, 0.05 na 0.01, gawanya kwa 4: unapata 0.29. Uwiano ni kama 3.4 tu.

Ni lile tairi la fundi tena. Maeneo yakiwa mengi uwiano bado utakuwa mkubwa, hata kwa ndugu, lakini si ule uliosomwa mwanzo. Kwa hiyo wakili, uliza: sampuli ya kulinganishia ilitoka jamii gani? Theta ilikuwa ngapi? Ndugu walihesabiwa?

Hatua ya 8: Andika sentensi ya ripoti

Mimi huandika hivi: "Alama iliyoonekana ina uwezekano takriban mara 30 zaidi (kati ya 14 na 65) endapo iliachwa na katambuga za mtuhumiwa kuliko endapo iliachwa na za mtu mwingine miongoni mwa watumiaji wa mialo ya Igombe na Kayenze."

Chini yake weka tarehe za kuhesabu, saa, hali ya mwezi, idadi ya soli na jinsi mwenzako alivyosoma alama bila kuijua kesi. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inapokea maoni ya mtaalamu, lakini mahakama haifungwi nayo, na hakimu hawezi kuyapima kama hajui yalikotoka.

Wakili akikuuliza, "Kwa hiyo, shahidi, ni yeye au si yeye?", rudia sentensi ileile polepole. Akikuuliza mara ya pili, irudie tena. Na zile picha 200 za soli uje nazo kwenye bahasha, kwa mpangilio wa namba, ili upande wa pili nao uzihesabu.