Umeangushwa Kwenye Kona: Utoe Shoryuken au Ukinge?

Mwongozo huu ni wa mtu anayecheza Street Fighter 6, gemu ya mapigano ya wawili, na anayeweza kutoa Shoryuken (ngumi ya kupaa juu) bila kuangalia vidole, ila hajui lini aitoe. Ukishaangushwa pale konani unabaki na kama sekunde moja ya kuamua, na wengi huitumia kwa hasira au kwa woga. Hesabu ifanye nyumbani, kwenye mechi uje na jibu tayari. Natumia mhusika Ryu, mwenye damu (uhai) 10,000. Mhusika wako akiwa mwingine, badilisha namba tu.

Hatua ya 1: Punguza machaguo

Unapoinuka, mpinzani ama atakushika akubwage, ama atakaa amekinga akingoja ujichome mwenyewe. Wewe utatoa Shoryuken ya OD (Overdrive, toleo lililoongezwa nguvu), ile isiyoshikika wala kupigika inapoanza, au utakinga tu. Ndiyo, kuna ngumi za kuwahi, kuruka, na kujinasua kwenye mshiko. Ziache kwanza. Ukiziingiza zote leo hutamaliza hesabu.

Hatua ya 2: Weka namba

Fungua sehemu ya mazoezi usome damu inayokatwa. Mshiko wa kawaida unakata 1,200. Shoryuken ya OD ikiingia, weka 1,500 kwa makadirio. Ikikingwa, Ryu anapaa na kushuka akiwa wazi kabisa, na mpinzani ana muda wa kuchagua kombo (mfululizo wa mapigo) anayoitaka. Mjuzi mpe 4,000. Yule unayecheza naye kila jioni asiye na kombo ya zaidi ya 2,000, mwandikie 2,000 yake. Usimwogope kwa kombo asizoziweza.

Hatua ya 3: Tafuta kiwango

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanalinganisha 1,500 ya kupata na 4,000 ya kupoteza, wanasema hailipi, wanakinga hadi wanakufa. Wamesahau kwamba kukinga nako kuna bei: akikushika, 1,200 imekwenda. Kwa hiyo akija kukushika, Shoryuken inakupa 1,500 na inakuokolea 1,200, jumla 2,700. Akiwa anangoja, inakugharimu 4,000.

Gawanya 4,000 kwa 6,700, ambayo ni 4,000 na 2,700 pamoja. Unapata karibu asilimia 60. Maana yake, akija kukushika zaidi ya mara 6 katika 10, toa. Chini ya hapo, kinga. Kwa yule wa 2,000, hesabu inashuka hadi karibu asilimia 43. Pigo ni lile lile na kona ni ile ile, ila jibu limebadilika kwa sababu ya aliyesimama mbele yako.

Hatua ya 4: Ongeza bei ya geji

OD inakula vipande 2 vya geji ya Drive, ule mstari wa nguvu wa kila mchezaji, kati ya 6. Ukiwa navyo 5, sawa. Ukiwa navyo 2 tu, geji inakauka: hadi ijae tena huna OD, mapigo maalumu unayoyakinga yanakukwangua damu, na Drive Impact (pigo zito linalotumia geji hiyo) ukiwa ukutani inakuacha umezubaa hata kama uliikinga. Hapo mimi sitoi mpaka niwe na uhakika kwamba atakuja kushika mara 7 au 8 katika 10.

Hatua ya 5: Tazama damu zote mbili

Ukibakiwa na damu 1,000, hesabu yote inavurugika. Mshiko unakuua, na kombo inakuua. Kifo cha 1,200 na kifo cha 4,000 ni kifo kile kile, kwa hiyo Shoryuken haina tena gharama ya ziada, na kiwango kinashuka chini ya nusu.

Mfano mzuri ni Evo 2004, mashindano ya gemu za mapigano kule California, kwenye Street Fighter III: 3rd Strike. Ken wa Daigo Umehara alibakiwa na chembe ya damu, na Chun-Li wa Justin Wong akafyatua super (pigo kuu la mhusika) ya mapigo 15. Kwenye gemu ile super ikikingwa bado inakwangua, na ule mkwaruzo tu ungemmaliza. Daigo akasukuma fimbo kuelekea mateke yenyewe, akayapangua yote 15, akajibu na kushinda mechi. Watu wanausifu ujasiri wake. Kwangu mimi, ugumu ulikuwa kwenye vidole. Uamuzi wenyewe ulikuwa mwepesi, maana kukinga kulikuwa ni kufa.

Angalia upande wa pili pia. Mpinzani akibakiwa na 1,400, Shoryuken ikiingia raundi imekwisha, hivyo ile 1,500 ina thamani kubwa kuliko inavyosomeka. Tahadhari moja tu: naye anaiona damu hiyo, na mjuzi ataanza kungoja zaidi.

Hatua ya 6: Mhesabu mtu wako

Raundi ya kwanza tazama anachofanya kila anapokuangusha. Mara tatu nne zinatosha kuanzia. Mshikaji wa mazoea utamjua mapema, kwa sababu husogea kabla hujainuka.

Hatua ya 7: Rekodi bwege

Kwenye mazoezi, rekodi bwege, yule mpinzani wa mazoezi anayeendeshwa na gemu, akikushika unapoinuka, kisha rekodi nyingine akikinga. Ziwashe zote zicheze kwa kubahatisha. Dakika 10 toa Shoryuken kila mara, dakika 10 kinga tu, na uandike damu uliyopoteza kila upande. Kisha rekodi mshiko mara mbili zaidi kwenye nafasi zilizobaki, urudie, uone namba zinavyogeuka.