SOMO: Kuongeza RAM kwenye laptopu ya zamani, soma lebo kabla hujatoa hela

Wakuu habari za baridi. Huku Mbeya mwezi huu hata laptopu inaamka kwa shida, na kama yako ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi, siyo ya kuhifadhi mafaili) ya 4GB halafu umefungua Chrome na Word kwa pamoja ndo usiseme.

Naanza na ujinga wangu mwenyewe. Natumia HP EliteBook 840 G1 ya mtumba, i5. Siku hiyo nikashuka Mwanjelwa nikamwambia muuzaji nipe RAM ya laptopu DDR3 (DDR3, DDR4 ni aina za RAM) 4GB, akanipa, nikalipa, nikadandia daladala mpaka Uyole nikijiona mjanja. Kuchomeka tu, kioo cheusi tii, taa ya caps lock inawakawaka. Kumbe nimebeba DDR3 ya volti 1.5 na mashine yangu inataka DDR3L, ile ya volti 1.35. Herufi moja tu hiyo L! Nikarudi, jamaa akanijibu mali ikishatoka dukani hairudi. Ndo nikaanza kusoma.

Hatua ya 1: jua una nini. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kwenye Windows, Task Manager ikifunguka nenda Performance, kisha Memory. Utaona spidi na sloti zilizotumika, mfano 1 kati ya 2. Humohumo kwenye CPU angalia jina la prosesa, i5-4300U ile 4 ya mwanzo ndo kizazi chake. Kizazi cha 4 ni DDR3L tu, cha 2 ni DDR3, cha 3 kinakula zote mbili, kuanzia cha 6 nyingi ni DDR4.

Hatua ya 2: toa RAM iliyomo uisome. Hapa ndo penyewe. Yangu imeandikwa 4GB 1Rx8 PC3L-12800S. PC3L ni DDR3L, ikiwa PC3 bila L ni ile ya volti 1.5. 12800 ni spidi ya 1600, ukikuta 10600 ni 1333. S ya mwisho ni umbo dogo la laptopu, usije ukauziwa ndefu ya desktopu. DDR4 hutaweza kuikosea, ina pini 260 na kijikato chake kimekaa kwingine, haiingii hata ulazimishe (na usilazimishe). Lakini DDR3 na DDR3L zote zina pini 204, kijikato palepale, zinaingia bila shida yoyote, ndo maana tunaliwa hela. Kama mashine ni ya DDR3 na una wasiwasi chukua yenye L, kwa kawaida inafanya kazi hata kwenye volti 1.5.

Kingine wauzaji wengi hawakisemi: unataka kipande cha 8GB kwa mashine ya kizazi cha 4 kurudi nyuma, tafuta kilichoandikwa 2Rx8, yaani chipu 16, nane kila upande. Cha 1Rx8 chenye chipu nane tu hakitasomeka.

Hatua ya 3: kufunga. Zima kabisa, toa chaja, toa betri, shikilia batani ya kuwashia sekunde 15. Vua sweta la sufu, siyo utani, baridi hii kavu inajaza umeme mwilini, gusa kwanza chuma chochote. Ingiza RAM kwa mshazari, sukuma mpaka ile pini ya rangi ya dhahabu ikaribie kupotea, halafu laza mpaka vishikio vya pembeni vilie ka!

MASWALI

*Mdau, Iringa:* Mkuu naweza kuchanganya 1600 na 1333, tena kampuni tofauti?
– Unaweza, zote zitakimbia kwa 1333. Muhimu volti zifanane.

*Mdau, Makambako:* Mi nina ThinkPad X240, fundi kaniambia niongeze 4GB juu ya 4GB iliyopo.
– Hiyo ina sloti moja tu ndugu yangu, hakuna pa kuongezea. Unatoa ya 4GB unaweka ya 8GB, DDR3L. Na ina betri nyingine ndani, izime kwenye BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijawaka) kabla hujafungua.

*Mdau, Tukuyu:* Nimeweka jumla 8GB lakini inasema inayotumika ni 3 na kitu, nimepigwa?
– Hujapigwa, Windows yako ni ya biti 32, haivuki 4GB. Hamisha mafaili yako, weka ya biti 64.

*Mdau, Mbeya:* Nimefunga, haionyeshi kitu, hata nikirudisha ya zamani!
– Tulia dada. Toa zote, sugua ile dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, futa vumbi, jaribu moja moja kwenye kila sloti. Mara nyingi ni haijazama vizuri.

*Mdau, Njombe:* Kijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu, yangu ina 8GB ila kuwaka inachukua dakika tano. Ninunue RAM nyingine?
– Shikamoo mwalimu. Hapana, hiyo hela usiipeleke kwenye RAM. Ikishawaka fungua palepale Performance uangalie Disk, ikiwa imeganda kwenye 100% na Memory haijafika hata nusu, basi tatizo ni hadidiski ya kuzunguka. Weka SSD (diski isiyozunguka, ya kasi zaidi), ukubwa wa inchi 2.5, halafu uniambie.