Jinsi ya kuchagua spika ndogo zenye besi kwa pesa kidogo

Ninatengeneza redio na ampli (vikuza sauti) hapa Lubumbashi, Kongo, upande wa soko la Kenya, mtaa wa hapa kwetu, si ile nchi. Wateja huniletea spika waliyonunua jana tu: "Yaya, dukani ilikuwa inagonga, nyumbani imekuwa bubu." Mara nyingi spika yenyewe ni nzima. Imechaguliwa vibaya, au imewekwa vibaya. Hivi ndivyo ninavyofanya mtu akinituma kumtafutia jozi ya kuweka juu ya rafu.

Hatua ya 1: Kubali kukosa kitu kimoja

Sanduku dogo, besi inayoshuka chini, sauti kubwa kwa wati chache: chagua viwili, cha tatu sahau. Mafundi huiita sheria ya Hofmann, kwa jina la Josef Anton Hofmann, ambaye ndiye H ya KLH, kampuni ya spika ya Marekani. Kwa sebule ndogo mimi huachilia ile sauti kubwa. Kama unatafuta ya kuchezesha harusi uani, tafuta masanduku makubwa.

Hatua ya 2: Usinunue wati za kwenye boksi

Spika yenye ampli ndani, kama inatumia adapta, geuza adapta usome maandishi madogo. Volti 12, ampea 2? Zidisha: wati 24, basi. Hata boksi liandike 1000, hizo nyingine hazina pa kutokea. Spika za Edifier R1280T, kwa mfano, zinaandikwa wati 42 kwa jozi nzima, na kwa chumba cha kawaida zinatosha.

Spika isiyo na ampli, tazama desibeli zake (kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa kifupi dB) kwa wati moja, umbali wa mita moja. Zikipungua 3, ampli yako itahitaji wati mara mbili kwa sauti ile ile. Kwa ampli dhaifu, hapo ndipo watu huumia.

Hatua ya 3: Soma Hz ukiwaza gita

Gita la besi la nyuzi nne, uzi mnene kabisa hutikisika mara 41 kwa sekunde, yaani 41 Hz. Zinazofuata ni 55, 73 na 98. Wufa (ile spika ya sauti nzito ndani ya sanduku) ya inchi 4 kwa kawaida huanza kufifia kabla ya kushuka hadi uzi wa pili. Ya inchi 5 au 6.5, kwenye sanduku zuri, husogea chini zaidi. Namba kama "40 Hz" isiyo na "-3 dB" au "±3 dB" pembeni (yaani hapo sauti haijashuka zaidi ya desibeli 3) haisemi kitu, kwa sababu hata redio ya mfukoni hutoa 40 Hz, ila huisikii. Usihuzunike ukikosa 41. Sikio likipata 82 na 123 za uzi huohuo, hujaza lenyewe kilichokosekana.

Hatua ya 4: Dukani

Beba rumba unayoijua vizuri kwenye simu, betri ya redio ya volti 1.5, na wembe.

Muuzaji atakuwa ameshaongeza besi kwenye ampli. Mwambie kwa heshima: "Baba, rudisha besi katikati kwanza." Halafu jaribu kuimba ile besi kwa mdomo. Ukiweza kumfuata mpiga gita akipanda na kushuka, spika ni nzuri. Kama kila noti inatoka "bum" ileile, hilo ni sanduku linavuma, gita halimo. Gonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole: lilie kama meza nzito, lisilie kama debe.

Za mtumba, zile tunazoita okazyo, toa kitambaa cha mbele. Gusa ule mkanda laini unaozunguka koni, ile sahani inayotikisika. Ukiwa wa sponji na ukabaki kwenye kidole kama makombo ya keki, umeoza. Wa mpira hudumu zaidi. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya pande mbili. Ukisikia inakwaruza, iache hata ukipewa bure.

Mwisho betri. Chanya kwenye nyekundu, hasi kwenye nyeusi, gusa mara moja uachie. Koni zote mbili ziruke nje. Mama mmoja wa Katuba aliniletea jozi isiyo na besi kabisa: moja iliruka nje, nyingine ikazama ndani, sauti zao zikawa zinauana hewani. Mtu aliwahi kugeuza waya ndani. Dakika tano kazi ikaisha, akanilipa na mikate ya moto juu.

Hatua ya 5: Waya na ukuta

Kwangua waya kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Kuuziwa hiyo hapa kwetu, kwenye mji wa shaba, mimi bado hunikera. Waya wa milimita mraba 1.5 unatosha kwa mita tano.

Sogeza spika karibu na ukuta wa matofali, besi itaongezeka bila kulipa hata faranga. Kwenye pembe itaongezeka zaidi. Kama tundu la hewa la sanduku liko nyuma, acha nafasi ya kiganja kizima. Ikivuma kupita kiasi, ivute mbele kidogo kidogo. Ikikataa, ingiza soksi kwenye tundu, moja kila spika, isikazwe. Na iwe imefuliwa, maana siku ikiharibika, mimi ndiye nitakayeitoa.