Kutafakari kwa Mara ya Kwanza katika Ashrami ya India: Mwongozo kwa Msafiri wa Mkoba Mgongoni

Msafiri anayezunguka India na mkoba mgongoni huwa amezoea kutopangiwa ratiba na yeyote: hulala anapotaka, hula anapokuta, na huondoka anapochoka. Ashrami humtaka auweke uhuru huo kando kwa siku chache. Naamini hilo ndilo jambo la kwanza la kukubali kwa mtu anayetaka kujifunza kutafakari huko, kabla hata ya kujua namna ya kukunja miguu, kwa sababu sehemu kubwa ya mafunzo hubebwa na ratiba yenyewe, yaani saa ya kuamka, saa ya kula na saa ya kunyamaza.

Ashrami ni makao ya watu wanaoishi kwa nidhamu ya kiroho chini ya mafundisho ya guru fulani, yaani mwalimu wa kiroho, aliye hai au aliyekwisha kufariki, na mgeni hupokewa humo kwa masharti ya wenyeji wake. Mji unaofahamika zaidi kwa makao haya ni Rishikesh, katika jimbo la Uttarakhand, pale Mto Ganges unapotoka milimani na kuingia nchi tambarare. Sifa zake zilienea duniani mwaka 1968, wanamuziki wa kundi la Beatles walipokwenda kujifunza kutafakari kwa guru Maharishi Mahesh Yogi. Majengo ya ashrami ile leo ni magofu ndani ya hifadhi ya Rajaji, na watu huenda kuyatazama tu. Zilizo hai ni nyingine, zikiwemo Parmarth Niketan, ambayo kila jioni jua linapotua hufanya arati, ibada ya kutoa moto wa taa, kando ya mto, na Ashrami ya Sivananda, makao ya jumuiya ya Divine Life Society iliyoanzishwa na guru Sivananda mwaka 1936.

Kwa anayeanza, swali la maana ni kama mahali hapo pana mwalimu na ratiba. Katika ashrami ya guru Ramana Maharshi huko Tiruvannamalai, katika jimbo la Tamil Nadu, chini ya mlima Arunachala, mgeni huingia ukumbini na kuketi kimya bila kupewa darasa; ni mahali pa thamani kubwa kwa aliyekwisha kujua anachokifanya, lakini mgeni kabisa anaweza kukaa humo saa nzima bila kujua aanzie wapi. Kinyume chake, ashrami nyingine ya mapokeo ya Sivananda, iliyo Neyyar Dam, katika jimbo la Kerala, hupanga siku nzima na kufundisha hatua kwa hatua, na ndiyo aina ninayoipendekeza. Kozi za siku 10 za vipassana, yaani kutafakari kwa kuchunguza pumzi na hisia za mwili, za mapokeo ya mwalimu S. N. Goenka, ambazo kituo chake kikuu kiko Igatpuri, katika jimbo la Maharashtra, huwavutia wasafiri wengi kwa sababu hazitozwi ada. Hata hivyo, mwanafunzi huamshwa saa 10 alfajiri, hutafakari takriban saa 10 kwa siku, na hazungumzi na wenzake karibu kozi nzima. Wapo wanaoanzia hapo na kufaulu, lakini mimi ningemshauri mtu azoee kwanza kuketi kwa nusu saa.

Andika kuomba nafasi mapema, ueleze siku utakazokaa, kwa maana ashrami nyingi hazimpokei mtu anayebisha hodi usiku bila taarifa. Utaombwa pasipoti na viza, kwa kuwa sheria ya India humtaka kila anayemlaza mgeni wa nje kumwandikisha kwa mamlaka. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo asisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo ipatikane angalau siku 10 kabla ya safari, la sivyo anaweza kuwekwa karantini anapowasili. Katika mkoba weka nguo pana zinazofunika mabega na magoti, tochi, chupa ya maji, na kanga au kikoi kizito, kitakachokufaa kama shuka, kama mtandio wa asubuhi yenye baridi, na kama kitu cha kukunja na kukalia. Rishikesh huwa na baridi kali ya alfajiri kuanzia Desemba hadi Januari, na mvua za masika yao hunyesha kuanzia Julai hadi Septemba. Oktoba, Novemba, Februari na Machi ni miezi yenye hali nzuri.

Siku ya Neyyar Dam inaweza kukupa picha ya utakachokikuta. Kengele hulia kabla ya saa 12 asubuhi, kisha watu hukusanyika ukumbini kutafakari kimya kwa nusu saa, wakaimba na kusikiliza mafundisho. Baadaye huja chai, darasa la yoga, na mlo wa kwanza wa siku saa 4 asubuhi. Mchana kuna kazi ya kujitolea, kama kufagia au kugawa chakula, halafu mhadhara na darasa la pili la yoga. Mlo wa pili ni saa 12 jioni, na mkutano wa usiku huanza saa 2. Chakula hakina nyama, samaki wala mayai, na pombe na sigara haziruhusiwi. Njaa ya siku mbili za kwanza ni ya kawaida. Usiifiche kwa kula biskuti chumbani, kwa sababu tumbo lililojaa huleta usingizi pale unapofumba macho.

Sasa tuje kwenye kuketi kwenyewe, ambako wengi hushindwa bila sababu. Kukaa kitako sakafuni si mashindano, wala hakuna anayekudai ukunje miguu kama watawa walio mbele yako. Kalia takia gumu au kanga iliyokunjwa mara kadhaa, ili nyonga ziwe juu kuliko magoti. Nyonga zikiwa chini, mgongo hupinda, na maumivu huanza kabla ya dakika kumi. Magoti yakining'inia hewani, yawekee kitu chini yake. Nyoosha uti wa mgongo bila kuukaza, legeza taya na mabega, weka mikono mapajani. Mwenye goti bovu aombe kiti bila haya, akae bila kuegemea, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni. Mguu ukifa ganzi, ubadilishe polepole. Lakini maumivu makali ya goti yanayochoma kama sindano ni amri ya kubadili mkao papo hapo, hata kama ukumbi mzima umetulia.

Mkao ukishatengemaa, chagua mahali pamoja pa kuelekeza akili. Mapokeo ya Sivananda huelekeza katikati ya nyusi au kwenye moyo, pamoja na mantra, yaani neno takatifu linalorudiwa kimoyomoyo; wengine huangalia pumzi inavyopita puani. Ukichagua pumzi, ihesabu unapoitoa, moja hadi kumi, kisha anza tena. Bila shaka utajikuta unawaza basi la kesho, deni, au maneno uliyoambiwa na ndugu yako mwaka jana. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: unatambua kwamba umeondoka, unarudi kwenye moja, bila kujilaumu na bila kulifuatilia lile wazo lilikotoka. Mtu aliyerudi mara arobaini katika nusu saa amefanya mazoezi mengi, ingawa atainuka akidhani hakufanya chochote. Ndiyo maana nawasihi wanaoanza wasiipime tafakuri kwa utulivu walioupata, na wasiondoke kabla ya siku ya nne au ya tano, mwili unapoanza kuizoea saa ya kuamka.

Msomaji Mwislamu au Mkristo huenda akauliza kuhusu nyimbo za kuwataja miungu ya Kihindu, sanamu na moto wa arati. Vua viatu, keti kwa heshima, nyamaza pale dhamiri yako isipokuruhusu kuimba, na mwambie mwalimu mapema kwamba utatumia pumzi badala ya mantra. Kwa kawaida hakuna atakayekulazimisha.

Aliyewahi kuugua sonona kali au ugonjwa mwingine wa akili azungumze na daktari wake kabla ya kwenda, kwa maana ukimya wa muda mrefu unaweza kuamsha mambo mazito. Na hofu au kukosa usingizi kukizidi, mwambie mwalimu na upumzike. Vilevile, jihadhari na mwalimu yeyote anayekutaka faraghani, anayekuagiza ufiche mafundisho yake, au anayedai fedha nyingi ili akufungulie siri. Mafundisho ya msingi hutolewa hadharani. Malipo ya chumba na chakula, au sadaka pale ambapo hakuna bei, hupelekwa ofisini na kukatiwa stakabadhi.