Mashine ya boti imefanyiwa ovahoo ikakaa stoo, usikimbilie kuvuta kamba

Wengi kusi ikianza kupiga wanapandisha boti juu, mashine inaenda kwa fundi inawekwa pistoni mpya na ringi mpya afu inalala stoo mpaka kaskazi. Sasa siku ya kuitoa mtu anaiona mpya, anafunga anavuta kamba haoo baharini. Hizi tustroki (mashine za kuchanganya oili na petroli) kama Yamaha Enduro 40 hazina oili iliyokaa chini kama gari, oili yote inakuja na petroli, so ikikaa miezi silinda zinakauka na hii hewa yetu ya chumvi inakula ringi ambazo hazijafanya kazi hata siku moja.

Toa plagi zote, weka oili ya tustroki kijiko cha chai kila silinda, iache ilale. Asubuhi zungusha flaiwili (lile gurudumu la juu ya mashine) kwa mkono taratibu, kama mshale wa saa unavyokwenda, ukirudisha kinyume unakunja mabawa ya impela, ile feni ya mpira inayopandisha maji ya kupoza mashine. Ikigoma usilazimishe, ongeza oili usubiri tena. Mimi nililazimisha ringi ikakatika, hela yote ya ovahoo ikaenda na maji. Ikilegea gusisha waya za plagi kwenye bodi, vuta kamba mara kadhaa oili iliyozidi iruke nje, ndo urudishe plagi.

Impela ifungue hata kama fundi kaapa kaweka mpya, manake mpira ukikaa umejikunja sehemu moja unabaki hivyohivyo na maji hayapandi. Bei yake ukilinganisha na pistoni ni kama bure.

Petroli ya zamani toa yote (sio umwage baharini jamani), kabureta ifunguliwe na jeti (vile vitundu vya kupitisha petroli) zisafishwe. Oili ya gia ikitoka nyeupe kama maziwa ujue maji yameingia, sili (mpira wa kuzuia maji) imekufa. Mpya unaijazia tundu la chini mpaka imwagike la juu.

Mchanganyiko masaa 10 ya mwanzo ni lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli, baadae ndo unashuka nusu lita. Iwe oili ya boti imeandikwa TC-W3, ile ya bodaboda achana nayo.

Washa kwanza kwenye pipa, maji yapite juu ya matundu ya kunyonyea. Moshi mwingi usikutishe, angalia inakojoa, yaani inarusha nje maji ya kupoza, isipokojoa ndani ya nusu dakika zima.

Ikikojoa vizuri peleka majini, kuizoesha (kuiendesha taratibu mpaka pistoni na ringi mpya zikae sawa) hakufanyiki pipani. Dakika 10 moto (mkono wa mafuta) wa chini kabisa, dakika 50 zinazofuata usipite nusu, lisaa la pili robo tatu, masaa 8 yaliyobaki ukifungua moto wote isizidi dakika 5 mfululizo. Siku hiyo hakuna kwenda kuvua, zungukia hapohapo karibu na ufukwe na makasia uwe nayo.